Vasco da Gama Hakugundua Njia ya India

Kazi yangu ni kuongoza wageni Malindi. Karibu kila kundi la wanafunzi likifika kwenye mnara wa Vasco da Gama, linajibu kwa pamoja: "Ndiye aliyegundua njia ya baharini ya kwenda India!" Walimu wao wanatikisa kichwa kukubali. Jibu hilo limenichosha, tena linaniuma, maana pwani waliyosimama inalikanusha.

Kuizunguka Afrika kutoka Ulaya ni kazi ya Wareno, hilo siwanyimi. Bartolomeu Dias alishaipita rasi ya kusini mwaka 1488. Lakini Da Gama alipotia nanga Malindi, Aprili 1498, alikuta vyombo vya Wahindi vimefika kabla yake. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa na kutafuta mshirika, akampa rubani wa kumwongoza baharini. Waling'oa nanga tarehe 24, kusi, upepo wa msimu unaosukuma vyombo kuelekea India, ndiyo inaanza, na baada ya siku 23 hivi wakaiona India.

Sasa tazameni kurudi. Waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi, upepo wa msimu wa kurudi Afrika, haijashika. Mara bahari shwari, mara upepo wa mbele; wakakaa majini karibu miezi mitatu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kikawashika, fizi zikavimba mpaka zikafunika meno. Shajara ya safari inasema watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 walifika Malindi wakiulizia machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Baadaye wakaichoma moto São Rafael, kwa kuwa mabaharia hawakutosha meli tatu. Nahodha alikuwa yuleyule na bahari ileile. Aliyekosekana ni mtu anayezijua pepo zake. Ninyi walimu, nawasihi: kabla ya kuwakaririsha watoto tarehe, wafundisheni kaskazi na kusi. Mkimpata nahodha wa jahazi awaeleze, mwacheni aseme mpaka amalize.

Rubani huyo wengi humwita Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, kwa fahari kabisa. Ushahidi ni dhaifu. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16, João de Barros akiwemo, wanamtaja Mwislamu wa Gujarat.

Eti Waturuki kuiteka Konstantinopoli mwaka 1453, wakafunga njia ya viungo, ndiko kulikowasukuma Wazungu baharini? Wareno walishaitwaa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415, na baharia wao Gil Eanes aliipita Rasi Bojador, kwenye pwani ya Sahara, mwaka 1434. Walifuata dhahabu ya Afrika Magharibi, wakaanza kuchukua na watumwa. Viungo, kwa upande wake, viliendelea kufika Venice kupitia Misri hata baada ya 1453.

Kwamba Wazungu wa wakati huo walidhani dunia ni bapa, hapana. Columbus, aliyetaka kufika Asia kwa kwenda magharibi, alibishana na wasomi kuhusu ukubwa wake, na aliyekosea hesabu ni yeye.

Kwamba Wareno walituletea biashara? Kilwa ilikuwa na sarafu zake, na msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika huko mwaka 1331. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa, kisha wakaichoma Mombasa.

Kosa la upande wa pili ni kusema hawakuacha chochote ila Ngome ya Yesu. Mahindi, muhogo na korosho asili yake ni Amerika, na Wareno wana mkono mkubwa katika kuvifikisha huku.