Pushkar: ngamia, Brahma na chumvi iliyoongezwa

Utaje Pushkar, mji mdogo wa mahujaji wa Kihindu katika jimbo la Rajasthan, India, na aliyewahi kuusikia atakutajia hekalu la Brahma, mungu muumbaji wa Wahindu, na mnada wa ngamia. Yote mawili yapo, ila yametiwa chumvi. Haya ndiyo utakayoambiwa, na ukweli wake.

"Ndilo hekalu pekee la Brahma duniani." Mahekalu ya Brahma ni machache mno, lakini mengine yapo: Khedbrahma kule Gujarat, na Asotra hukohuko Rajasthan. Uchache wenyewe una kisa. Wahindu husimulia kwamba Brahma alikuwa na ibada ya moto hapo Pushkar, mkewe Savitri akachelewa, naye akamwoa Gayatri papo hapo ili saa njema isimpite. Savitri alipofika akamlaani asiabudiwe kwingine kokote. Kwa mume aliyeoa mke wa pili bila taarifa, naona alitoka salama. Savitri ana hekalu lake juu ya kilima, mbali na mumewe.

"Majengo yote ni ya kale." Mji ndio wa kale. Mahekalu mengi yalibomolewa enzi za Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal, karne ya 17, yakajengwa upya. Hekalu la Varaha, mungu Vishnu katika umbo la nguruwe, lilisimamishwa tena mwaka 1727. Lile la zamani la Rangji, jina jingine la Vishnu, ni la 1823.

"Nenda siku ya mwezi mpevu ukaone ngamia." Hapa ndipo watu hupoteza nauli. Mnada hufanyika Oktoba au Novemba, kwa kufuata mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, na biashara ya mifugo huchangamka siku za mwanzo. Mwezi ukishapevuka, wafugaji wengi wameshafunga virago na mji ni wa mahujaji wanaokuja kuoga ziwani. Isitoshe, siku hizi utakuta farasi wengi kuliko ulivyotarajia. Mwaka 2015 Rajasthan ilipitisha sheria ya kukataza kuchinja ngamia na kubana usafirishaji wake nje ya jimbo. Nia ilikuwa kumlinda mnyama. Wafugaji wanalalamika kwamba imewaulia soko.

"Uzi mwekundu ni zawadi." Ziwa limezungukwa na sehemu 52 zenye ngazi za kushukia kuoga, ziitwazo ghati. Mtu atakutilia maua kiganjani akuambie ukayatupe majini. Mkifika atakukalisha, utafuatisha dua neno kwa neno, utataja mama, baba, ndugu, kisha ataulizia sadaka utakayotoa kwa ajili yao, na kiasi atakachokitaja si haba. Ukishafungwa uzi mkononi, wengine hawakusumbui tena, ndiyo maana wageni huuita pasipoti ya Pushkar. Ibada ni ya kweli. Bei haimo kwenye dini. Patana kabla hujakaa, au kataa maua kwa adabu.

"Mwislamu hana lake kule." Nyuma tu ya mlima wa Nag Pahar kuna mji wa Ajmer, lilipo kaburi la Khwaja Moinuddin Chishti, walii wa Kisufi aliyefariki mwaka 1236. Wahindu pia hulizuru, na ni kawaida msafiri kupita kote kuwili kwa siku moja, maana basi huchukua kama nusu saa. Pushkar hakuuzwi nyama, mayai wala pombe, kwa hiyo swali la halali halina nafasi. Vua viatu kabla ya kukaribia maji, na kamera iache mfukoni watu wanapooga.