Je, wajua kwa nini ukiachishwa kazi ya kutunza wazee Uingereza na viza nayo inaanza kuondoka?

Mwaka 2023, kipindi kile kila mtu anasaka kazi ya kutunza wazee Uingereza, dada mmoja alinitumia PDF kwenye WhatsApp. Ina jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, mshahara, aina ya kazi, mpaka anwani ya ofisi. Chini kaandika "viza imetoka, Mungu mkubwa." Nikamwambia dada angu hongera ila hiyo sio viza, hiyo ni COS. Akajibu "kwani COS ni nini, si nimeshailipia?"

Nikakaa nikawaza, huyu mtu kauza vitu vyake vya ndani kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna hata mmoja aliyemweleza ni kitu gani.

COS ni kifupi cha Certificate of Sponsorship, na jina lenyewe linapoteza watu kwa sababu cheti hakipo. Kilichopo ni rekodi tu ndani ya mfumo wa kompyuta wa Home Office, yaani wizara yao ya mambo ya ndani. Mwajiri mwenye leseni anaingia na pasiwedi yake, anajaza taarifa zako, analipia, mfumo unatoa namba, basi. Hiyo namba ndo mali yenyewe, unaiweka kwenye fomu ya kuomba viza ndani ya miezi 3, ikipita hapo imekufa. Ile PDF ni printi tu ya kilichojazwa, na mtu yeyote mwenye kompyuta na jioni moja ya bure anaweza kukutengenezea inayofanana nayo mpaka rangi.

Sasa jiulize, nani ana pasiwedi ya huo mfumo? Mwajiri. Nani anaweza kuingia tena kesho akaandika huyu hayupo kazini? Mwajiri huyohuyo. Wewe hata kuchungulia huwezi. Ndo maana nasema watu wanaelewa vibaya, wanadhani wamepewa ruhusa ya kufanya kazi Uingereza, kumbe ruhusa ni ya kazi ile iliyoandikwa pale, kwa bosi yule aliyeandikwa pale, na kimojawapo kikiondoka ruhusa inabaki inaning'inia.

Kwa nini waliupanga hivi? Huu utaratibu wa leseni ulianza 2008 walipoleta mfumo wao wa pointi, na hesabu yake ni rahisi tu, serikali haiwezi kumfuata kila mgeni nyumbani kwake kuangalia kama anafanya kazi aliyosema anakuja kufanya, kwa hiyo ikamwambia mwajiri wewe ndo unamtaka, wewe ndo utatuangalizia. Leseni yako iko hapa, tukikuta umezembea tunaichukua. Mfanyakazi akikosekana bila ruhusa siku 10 za kazi mfululizo, ripoti. Akiacha kazi, ripoti, tena una siku 10 za kazi tu kufanya hivyo. Mwajiri akageuzwa afisa uhamiaji asiye na yunifomu, na kama bosi ni mtu mzuri hutahisi chochote miaka yote, ila akiwa mtu wa hovyo ana fimbo ambayo mfanyakazi mzawa wa pale hajawahi hata kuiona.

Hapa kuna kitu karibu wote wanakikosea, hizo siku 60. Mtaani utasikia "ukifukuzwa una siku 60 uondoke." Sio kweli kabisa. Siku 60 kwa kawaida hazihesabiwi tangu siku ya kufukuzwa, zinahesabiwa tangu Home Office ikuandikie kwamba viza yako inakatwa, na barua hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kufika. Na kama viza ilikuwa imebakiza chini ya siku 60 unapewa hizo hizo zilizobaki. Ndani ya muda huo unatakiwa upate mwajiri mwingine mwenye leseni, akupe COS mpya, uombe viza upya ulipie upya, na usianze kazi kwake mpaka majibu yatoke. Pesa ya msaada wa serikali hugusi, viza yako inakataza. Kwa hiyo mtu anakaa wiki nyingi hana kazi na kodi ya chumba inaita, ndo unaelewa kwa nini wengi wanavumilia manyanyaso kuliko kufungua mdomo.

Tuje kwenye hii viza yenyewe, inaitwa Health and Care Worker visa. Ilizinduliwa Agosti 2020, korona imepamba moto, kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wengine wa afya. Ikapewa ada ya chini kuliko viza nyingine za kazi, na kubwa zaidi mwenye nayo halipi ile tozo ya kutumia hospitali zao. Hiyo tozo sio kidogo, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, piga mara miaka 5 uone. Na msamaha wa watu wa afya una kastori kake. Aprili 2020 waziri mkuu Boris Johnson alilazwa na korona, alipotoka akawashukuru hadharani wauguzi wawili waliomkesha, mmoja wa New Zealand mwingine wa Ureno. Mwezi uliofuata akabanwa bungeni, inakuwaje muuguzi mgeni anayehudumia hospitali hiyohiyo atozwe hela ya kuitumia? Kwanza akatetea tozo, siku iliyofuata akalegea. Siasa bwana.

Watunza wazee wa kawaida hawakuwemo kabisa mwanzoni. Waliingizwa tarehe 15 Februari 2022, na sababu ni kwamba nyumba za wazee zilikuwa zimeishiwa watu. Wazungu wa Ulaya waliokuwa wanakuja bila viza mlango ulifungwa na Brexit mwisho wa 2020, wazawa nao wanaona bora wakapange bidhaa supamaketi kuliko kumgeuza mzee kitandani saa 9 usiku kwa mshahara karibu uleule. Mwaka wa 2021/22 England peke yake ilikuwa na nafasi kama 165,000 za kazi hizi ambazo hazina mtu. Mshahara huwezi kuupandisha hivihivi kwa sababu huduma nyingi ni za makampuni binafsi yanayolipwa na halmashauri, na halmashauri zenyewe hazina hela. Wakaweka kima cha chini pauni 20,480 kwa mwaka, yaani 10.10 kwa saa, wakafungua mlango, dunia ikaingia.

Na walifungua bila kuangalia vizuri nani anapewa leseni, hili sio maneno yangu. Mkaguzi wao wenyewe wa uhamiaji wa wakati huo, David Neal, ripoti yake ilitoka Machi 2024, alikuta COS 275 zimetolewa kwa nyumba ya wazee ambayo haipo. Haipo duniani. Nyingine ilisema wakati inaomba leseni kwamba ina wafanyakazi wanne, ikapewa COS 1,234. Wafanyakazi wanne! Hata ukiwa huna shule ya hesabu hapo unakuna kichwa.

Kilichofuata unaweza kukibashiri. Namba ikageuka bidhaa. Mwajiri anaichukua, ejenti anaiuza, mtu analipa maelfu ya pauni kwa kitu ambacho hatakiwi kulipia, maana kwa sheria za Uingereza wakala hana ruhusa ya kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi, na tangu mwisho wa 2024 mwajiri amekatazwa waziwazi kumbebesha mfanyakazi gharama za leseni na COS. Mtu anatua Heathrow na begi zake mbili, kumpigia bosi, bosi anamwambia "shifti hakuna wiki hii, subiri." Wiki hii ikawa mwezi. Au shifti zipo lakini ni za kwenda nyumba kwa nyumba, dakika 30 kwa huyu bibi umwoshe umvalishe, dakika 15 kule umpe dawa, na muda wa barabarani katikati halipwi wakati sheria ya kima cha chini inataka ulipwe. Na lazima uwe na gari, ambalo hakuna aliyekutajia wakati unalipia.

Serikali ilipoamka ikaanza kuchukua leseni, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilichukuliwa zaidi ya 470 kwenye sekta hii, na watu zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya hao waajiri. Rudi sasa kwenye swali letu la mwanzo. Kosa kafanya bosi, leseni kanyang'anywa bosi, ila anayeandikiwa barua ya siku 60 ni mtunza wazee.

Milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Kuanzia 11 Machi 2024 mtunza wazee mpya haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, wao walitoa hesabu kwamba ndani ya mwaka mmoja watu 100,000 wa kazi hiyo wamekuja na wategemezi 120,000. Siku hiyohiyo mwajiri wa England akalazimishwa awe amesajiliwa na CQC, wakaguzi wa huduma za wazee, kitu ambacho kwa mawazo yangu kilitakiwa kiwe cha kwanza kabisa. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watunza wazee kutoka nje. Waliokwisha ingia kihalali wanaweza kuhamia kazi hiyo au kuhama mwajiri kwa masharti hadi Julai 2028. Kwa hiyo leo ejenti akikwambia ana nafasi ya kutunza wazee Uingereza na wewe uko nje ya Uingereza, mblok, usimsikilize hata dakika mbili.

Wauguzi bado wanachukuliwa, na hali yao ni tofauti kidogo. Nao wana COS, nao wamefungwa kwa mwajiri, ila wana kitu mkononi ambacho bosi hawezi kukifuta, usajili wa NMC, baraza lao la uuguzi. Kuupata sio mchezo, unafanya mtihani wa kompyuta, wa Kiingereza, alafu OSCE, mtihani wa vitendo, kule kule Uingereza, vituo 10 unavyozungushwa, uko na mdoli kitandani unaongea naye kama mtu, unasema kwa sauti kila unachofanya, sasa naosha mikono, sasa naangalia jina kwenye bangili. Ukipita umesajiliwa, na hata ukigombana na hospitali hii ile nyingine inakutaka. Mtunza wazee hana hiyo karata, wote mpo maelfu mnagombania COS zilezile.

Yule dada nilimwambia atafute jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni, iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure. Jina lilikuwepo, akafurahi. Nikamwambia orodha inaonyesha mwenye leseni, haionyeshi mwenye kazi, sasa mwandikie bosi umuulize mnahudumia wazee wangapi na nitapata saa ngapi kwa wiki, anijibu kwa maandishi. Akaandika. Tiki zikawa za bluu ndani ya dakika moja. Jibu anasubiri mpaka leo.