Nakala ipi? Ninavyopima vichekesho bubu kwa wenye sinema

Mwenye ukumbi akinipigia simu, swali huwa lile lile: "Nionyeshe Charlie Chaplin au Buster Keaton?" Hao ni wachekeshaji wa filamu za zamani zisizo na sauti. Nami humjibu kwa swali: nakala ipi? Kazi yangu ni kuwachagulia wenye kumbi ndogo filamu bubu za vichekesho, na jina peke yake halinisaidii. Filamu moja huzunguka duniani kwa nakala chungu nzima, na nyingi kati ya hizo zinaua kicheko kabla watu hawajakaa vizuri.

Naanza na kasi. Enzi zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo kasi haikuwa moja. Mkanda wa futi 1,000 una fremu (picha moja moja) 16,000: ukizipitisha fremu 24 kwa sekunde, zimekwisha kwa dakika 11, ukizipitisha 18, zinakaribia dakika 15. Wachekeshaji wenyewe walipenda kuzungusha kamera polepole makusudi, ili zikichezwa kwa kasi zaidi kwenye skrini mambo yaende mbio kidogo, kwa hiyo sidai kila kitu kichezwe taratibu. Ila mbio nazo zina mpaka. Mtu anayeteleza huchekesha kwa sababu tumemwona akijitahidi asianguke. Ukimbana sana, unabaki na kishindo tu. Kipimo changu ni cha kienyeji: simtazami nyota, namtazama mpita njia kule nyuma, yule asiye na mzaha wowote. Akitembea kama binadamu, kasi inafaa. Akitembea kama kuku anayekimbizwa, narudisha nakala.

Halafu kingo za picha. Filamu bubu ilipigwa kwa umbo la 1.33 kwa 1, yaani upana ni mara 1.33 ya kimo. Ukumbi wa leo ukiilazimisha ijaze skrini ya 1.85, zaidi ya robo ya kimo chake inakatwa. Sasa Chaplin bila viatu vyake vikubwa ni nani? Au chukua Steamboat Bill, Jr. ya 1928: ukuta wa mbele wa nyumba nzima unamwangukia Keaton, naye anapona kwa sababu amesimama sawasawa na dirisha la juu lililo wazi. Ukuta ulikuwa wa kweli. Mzaha wote umo katika kuona kwa pamoja mtu chini na dirisha juu. Ikate kichwa hiyo nyumba, utabaki na vumbi na mtu amesimama.

Nina mteja aliyetangaza The Gold Rush ya Chaplin ya 1925, akampata mpiga piano wa kuisindikiza, akauza tiketi. Faili aliloletewa lilikuwa toleo la 1942, lile ambalo Chaplin alilifupisha, akaweka muziki na kulisimulia kwa sauti yake mwenyewe. Mpiga piano akakaa na mikono magotini. Matoleo yote mawili ni kazi nzuri (mimi napenda la kwanza, lenye busu la mwisho ambalo la pili halina), lakini si kitu kimoja, wala hakimiliki zake si moja. Ulaya haki huhesabiwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na Chaplin alifariki 1977. Marekani filamu zilizotoka 1928 zimekuwa huru (hakimiliki yake imekwisha) tangu 2024, lakini muziki uliorekodiwa juzi juu ya filamu huru una mwenyewe. Hili huwa naliandika kwa wino mwekundu.

Kosa ambalo nililifanya mwenyewe kwa miaka ni kupima peke yangu, usiku, kwenye kompyuta. Filamu hizi zilikatwa na kuunganishwa huku watengenezaji wakisikiliza ukumbi. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, alizijaribu zake mbele ya watazamaji kabla hazijatoka. Keaton, katika The Navigator ya 1924, alipiga kwa taabu kichekesho cha chini ya bahari, yeye akiongoza samaki kama askari wa barabarani. Watazamaji wa majaribio hawakucheka, akakitupa. Kwa hiyo ule utulivu unaouona baada ya mzaha, mchekeshaji akikodoa macho tu, ni nafasi aliyowaachia watu wacheke. Ukiwa peke yako unaona kama filamu imelala. Siku hizi naita majirani na watoto wao, na mimi nakaa pembeni na kalamu.

Na yapo ya kuambiana mapema. Seven Chances ya Keaton, ya 1925, ina mbio za mwisho ambazo sijaona mfano wake, na pia ina mzungu aliyepakwa rangi nyeusi kumwigiza mfanyakazi mweusi. College ya 1927, Keaton mwenyewe anajipaka. Mimi sishauri kukata. Nashauri mwenye ukumbi asimame mbele aseme kabla taa hazijazimwa. Asipotaka kusema, achague nyingine.

Anayeanza mimi humpa One Week ya Keaton, ya 1920, mikanda miwili tu, hadithi ya maharusi na nyumba waliyoiunganisha vibaya. Karibu na mwisho nyumba imekwama relini, treni inakuja, wawili hao wanaziba macho. Treni inapita kwenye reli ya pembeni. Ukumbi unashusha pumzi. Ndipo inatokea ya pili, kutoka upande wa pili, inaivunja vipande vipande. Hapo mimi sitazami skrini. Namtazama mwenye ukumbi, kama naye alikuwa ameshusha pumzi.