Wati si kipimo cha mwanga
Juzi, katika duka la vifaa vya umeme pale Kondele, Kisumu, mzee mmoja alirudisha balbu ya LED ya wati 9. "Kijana, nipe ya 60. Hii itaniacha gizani." Nilimwelewa, wengi wetu tumekua tukihesabu mwanga kwa wati.

Lakini wati hupima umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni: balbu ya zamani ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800, na LED ya wati 9 hutoa karibu hizo hizo. Ile ya zamani hupasha moto waya mwembamba mpaka ung'ae, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme huishia kuwa joto. Ndiyo maana wafugaji huitundika juu ya vifaranga, na huko inafaa kweli.

Tuhesabu tokeni. Ukiwasha kwa muda wa saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya zamani inamaliza yuniti 9, LED, 1.35 tu.

Nilimwomba mwenye duka aziwashe zote mbili. Mzee akasogeza kiganja karibu na kila moja, akautazama ukuta, kisha akaichukua ile ya wati 9.