Seli shina na ugonjwa wa Parkinson: maswali kutoka Lubumbashi

Dokta, baba yetu ana Parkinson, anatetemeka mkono. Jirani hapa Katuba ametuletea vipaketi vya unga wa seli shina za tufaha, anyunyiziwe chini ya ulimi kila asubuhi. Atapona?

Hapana. Unga ule unamezwa, tumbo linausaga kama chakula kingine. Seli ya mmea haigeuki seli ya ubongo wa mtu. Na vipaketi vyenyewe si rahisi. Hiyo pesa inunue dawa.

Seli shina ni nini basi?

Ni seli changa zinazoweza kuzaliana na kugeuka seli za kazi maalumu: za damu, za moyo, za neva. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa uchangani. Mwaka uliofuata, ya binadamu.

Tumesikia Wajapani wanatibu Parkinson kwa seli hizo.

Wamejaribu. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa polepole ndani kabisa ya ubongo. Dopamini ikipungua, mwili unakakamaa, hatua zinafupika, mkono unatetemeka hata ukiwa umetulia. Huko Kyoto walikuza seli changa za kutengeneza dopamini, wakatoboa fuvu na kuzipandikiza pande zote mbili za ubongo. Wagonjwa walikuwa 7, wakapewa pia dawa za kutuliza kinga ya mwili isizishambulie. Matokeo yalitoka Aprili 2025: kwa miezi 24 hakuna aliyepata madhara makubwa, na kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 walijongea vizuri zaidi hata dawa zao zikiwa zimeisha nguvu mwilini. Mimi nafurahi, lakini 7 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao.

Kliniki moja ya ng'ambo inatuandikia WhatsApp: sindano ya mshipa, inatibu Parkinson, Alzheimer (ule ugonjwa wa kusahau), kiharusi. Tuuze kiwanja?

Msiuze. Seli zikidungwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunaswa kwenye mapafu. Mwaka 2016 madaktari waliripoti habari za Mmarekani mwenye kiharusi aliyedungwa seli China, Argentina na Meksiko: uvimbe ulimwota kwenye uti wa mgongo, na seli zake hazikuwa za mwili wake. Tena utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa bei ya matibabu.

Sasa baba afanye nini?

Atembee kila siku, ameze levodopa aliyoandikiwa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, asiikatishe ghafla. Aimeze nusu saa kabla ya bukari (ugali), au saa moja baada ya kula, kwa sababu protini ya samaki na maharagwe huigombania njia ya kuingia mwilini. Ikimletea kichefuchefu, ale kipande cha mkate nayo. Akitapika, mwambieni mtu wa farmasi kwamba ana Parkinson kabla hajawapa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika: dawa hiyo inaizuia dopamini, itamkakamaza zaidi.