Usukani wa Pikapu ya Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Gari la zamani lazima usukani ucheze."

Kauli hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu waendeshe gari bovu kwa amani. Ni kweli kwamba boksi la usukani (kisanduku cha meno kinachopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka magurudumuni) la miaka ya 1950 na 1960 huhitaji mizunguko mingi kuliko la gari la leo. Lakini pikapu hizo zilipotoka kiwandani zilishika njia vizuri. Mchezo unaouhisi sasa, yaani ulegevu wa usukani, ni jumla ya michezo midogo midogo: kidogo kwenye kapulingi ya mpira iliyo juu ya boksi, kidogo ndani ya boksi, kidogo kwenye kila jointi ya tairodi (fimbo inayogeuza magurudumu), hadi kwenye kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia). Kila kimoja ukikitazama peke yake unaweza kusema kinavumilika. Vikikusanyika, unageuza usukani na magurudumu bado hayajaitika.

"Mchezo uko kwenye boksi. Kaza skrubu ya juu."

Skrubu ile inaonekana, inafikika, na haihitaji zaidi ya spana na bisibisi, ndiyo maana huwa ya kwanza kuguswa. Ilipaswa kuwa ya mwisho. Kwenye boksi la gololi (lenye vigololi vya chuma ndani), kazi yake ni kusogeza shafti inayozungusha mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma fimbo za usukani) ili meno yake yaumane zaidi na yale ya ndani. Meno hayo yalitengenezwa yabane zaidi yakiwa katikati, pale gari linapokwenda moja kwa moja, na hapohapo ndipo yanapolika zaidi, kwa kuwa gari hukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye kona. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe kabisa, pembeni yatabana kupita kiasi. Dereva ataligundua akimaliza kona: usukani unang'ang'ania, haurudi wenyewe. Tena beringi za ndani ya boksi hurekebishwa kwanza, kabla ya skrubu hiyo, na watu wengi huiruka hatua hiyo.

Kwa hiyo anza kwa kukagua. Gari likae juu ya magurudumu yake, kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono imevutwa na kabari zimewekwa. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto. Mwingine afuatilie kila jointi kutoka kwenye boksi hadi kwenye gurudumu. Upande mmoja wa jointi ukisogea na wa pili ukachelewa, jointi hiyo imekwisha. Tazama pia boksi lenyewe mahali lilipofungwa kwenye fremu. Bolti zikilegea, au fremu ikiwa na ufa, boksi zima husogea na vipuri vyote vipya havitasaidia. Pikapu za Chevrolet za kuendesha magurudumu yote manne, za 1973 hadi 1987, zinajulikana kwa ufa wa hapo.

"Tairi likicheza juu na chini, ni kingipini."

Huenda. Inua ekseli kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, kisha litikise. Mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, basi ni kingipini na bushi zake, au boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachofanya kazi ya kingipini), kutegemea pikapu. Ford iliendelea na kingipini hata baada ya kuleta ekseli za Twin I-Beam (mbili, moja kwa kila gurudumu la mbele) kwenye F-100 mwaka 1965, wakati Chevrolet C10 ilikuwa tayari na boljointi.

"Kingipini ni ya kugonga nyundo tu, ikiingia imeingia."

La hasha. Bushi mpya za shaba kwa kawaida huwa na tundu dogo kuliko pini. Zinapanuliwa kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu kwa usahihi), ya juu na ya chini kwa mstari mmoja, mpaka pini ipite kwa kusukumwa na mkono bila kulegea. Anayetumia msasa hupata tundu lisilo la duara, na baada ya muda mfupi mchezo unarudi. Tundu la grisi la bushi lazima likutane na nipeli, na beringi inayobeba uzito hukaa chini ya jicho la ekseli, si juu yake.

"Pampu grisi ya kutosha, mchezo utaisha."

Grisi huzuia chuma kisilike; hairudishi kilicholika. Kwa kingipini, ipampu magurudumu yakiwa yameinuliwa, ili iingie mahali ambapo uzito wa gari ungeizuia.

"Tairodi hung'olewa kwa kupiga ncha ya nyuzi."

Hivyo ndivyo nyuzi zinavyoharibika. Tumia pula (kifaa cha kuvutia jointi itoke), au piga ubavu wa jicho lililoshika pini huku nyundo nzito ikiegemezwa upande wa pili. Uma wa kutenganishia huchana mpira wa jointi, kwa hiyo utumie kwa jointi unayoitupa tu. Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji. Tundu la kotapini (pini inayozuia nati isilegee) lisipolingana, kaza zaidi kidogo. Usilegeze kamwe ili kulitafuta.

"Nilihesabu mizunguko ya nyuzi, alaimenti sihitaji."

Kuhesabu kunakuwezesha kulifikisha gari kwa mpimaji wa alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), basi. Tairodi mpya haina lazima ya kulingana urefu na ya zamani. Magurudumu ya mbele ya pikapu hizi hutakiwa yaelekeane kidogo sana kwa mbele, mara nyingi milimita 1.5 hadi 3, na macho hayawezi kupima hivyo. Na kama usukani haurudi katikati ilhali boksi na jointi ni nzima, pima mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma. Kwenye ekseli nzima yenye springi za majani, huo hurekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Tairodi haiugusi.

"Mbele ikitetemeka, funga shokabsoba ya usukani."

Shokabsoba hiyo, inayotuliza mitikisiko ya usukani, ina kazi yake halali, lakini ikifungwa juu ya jointi zilizolika inaficha ugonjwa huku jointi zikizidi kulika. Ukiikuta kwenye pikapu uliyonunua, ifungue kabla ya kufanya ukaguzi wote huu, na usiingie barabara ya mwendo kasi mpaka ujue ilikuwa inazuia nini.