Je, chambo cha broshe lazima kiwe cha manyoya ya kweli?

Hapa Lubumbashi, wengi wanaovua kwa ndoano huamini kuwa chambo cha bandia kisichofungwa kwa manyoya ya kweli ya mnyama hakimpati samaki mwindaji. Hata Ulaya wapo wanaosema hivyo kuhusu broshe, samaki mwindaji wa maji baridi mwenye meno makali. Lakini broshe hufuata umbo na mwendo. Mtikisiko wa maji huuhisi kwa mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vya hisi kando ya mwili wake. Nyuzi za plastiki humnasa vilevile.

Jaribu nyumbani: loweka kwenye beseni kipande cha ngozi ya sungura yenye manyoya, pamoja na nyuzi ulizochomoa kwenye mfuko wa plastiki wa unga. Vinyanyue. Manyoya yatatoka mazito, yakichuruzika. Nyuzi ukizikung'uta mara moja zimekauka. Ndiyo maana chambo kikubwa cha manyoya huchosha mkono unapokirusha, ingawa majini hucheza vizuri mno. Mimi ningejali zaidi kipande cha waya mbele ya ndoano: meno ya broshe hukata uzi wa nailoni.